Alivyokufa Nasr

Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwa mwanawe Mahfoudh huko Al Amerat, Bi Khole aliwekwa mbele ya televisheni. Mjukuu wake Wijdan alikuwa amemaliza filamu yake ya kwanza, kisa cha Nasr, kaka yake Bi Khole, aliyeuliwa Unguja wakati wa mapinduzi. Hakutaka mtu wa nje aione kabla ya bibi.

"Kuna damu, Bibi. Utaweza?"

Bi Khole akacheka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nnauliwa asubuhi, jioni nnakula wali kwetu."

"Mcheza filamu!"

"Basi mie n'ogope nini? Washa, mwanangu."

Mwanzo ilikuwa raha. Kijana wa kanzu anamkunia mamake nazi, na Bi Khole akapiga makofi. Halafu wakaingia watu na mapanga. Panga la kwanza likampata begani, asife. Likaja la pili. Akatambaa mpaka kizingitini, damu inamfuata, anamwita mama, anamwita tena.

Mahfoudh akaruka kuzima. "Huna haya, Wijdan? Damu yote hii ya nini? Mtu aanguke, mlango ufungwe, watu wamefahamu!"

"Hawafahamu, Baba! Kifo kikifichwa kinakuwa chepesi. Mie nnataka kiwaume."

"Mtazame bibi yako, basi."

Bi Khole alikuwa kajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Mama aliniambia risasi," alisema. "Moja tu. Alisema Nasr hata hakuhisi."

Siku ile yeye alikuwa mtoto, kafichwa mtaa wa pili, na risasi hiyo moja ndiyo iliyompa usingizi maisha yake yote. Nyumbani Nasr alitajwa kwa kurehemewa tu, hakuna aliyeuliza alikufaje. Wijdan akadhani wote wanajua. Yeye kahadithiwa mtaa wa Darsait, na mzee Marhoon, jirani yao wa zamani huko Unguja.

Wijdan akapiga magoti. "Naikata sehemu hiyo, Bibi. Wallahi naikata leo."

"Mie nishaiona." Akampapasa kichwa. "Nambie kimoja. Huko kumwita mama, umetunga wewe?"

"Mzee Marhoon alisikia."

"Na mama alikuwa wapi?"

Wijdan akainamisha uso. "Nyuma ya mlango. Majirani wamemziba mdomo."

"Kumbe alisikia," Bi Khole alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya kumlilia mamake, aliyetoka nyuma ya mlango ule akaja kumwambia mtoto kuwa ilikuwa risasi moja.