Maji ya Kumtemea Kunda

Kosa la kwanza ni langu, na nalisema mwanzoni ili nisisumbuliwe baadaye. Kwenye kilio kimoja cha msiba huko Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya watu kama arobaini, nilimwambia Kunda kwamba akithubutu kulima shamba la Lukafu, radi itamkuta humo humo. Chifu mmoja alikuwa ametuuzia sote wawili shamba hilo hilo. Nilikuwa na hasira, na pombe kidogo. Kwetu mtu mwenye hasira hutaja nyoka, hutaja ajali, lakini radi haitaji, maana radi inatumwa na wachawi.

Kosa la pili ni la patron wetu, Vital, mtu wa Butembo mwenye malori ishirini. Mimi ni fundi wake wa injini, Kunda ni mkubwa wa madereva. Vital alipomwoza binti yake Kinshasa alikodi jeti ndogo ya viti vinane, akatupeleka sisi wawili pamoja na jamaa zake. Alisema tukila arusi moja tutapatana. Wakati wa kurudi akatukalisha uso kwa uso, magoti yakigusana. Tangu Kinshasa hatukusemeshana.

Tulikuwa tumeanza kushuka kuelekea Lubumbashi, saa tisa mchana, mwezi wa kwanza, mawingu meusi kila upande. Kwanza niliona weupe. Halafu mlio, kama nyundo juu ya pipa tupu, na sisi tuko ndani ya pipa. Taa zikazimika, zikawaka. Ndege ikaanguka kidogo, ikajishika. Harufu ya waya ulioungua ikapita.

Hakuna aliyepiga kelele. Walinitazama. Wote, hata mke wa Vital aliyekuwa amekumbatia Biblia.

Kunda akafungua mkanda, akapiga magoti katikati ya njia.

"Papa Mumba, utoe maneno yako. Unitemee mayi."

Kwetu aliyemlaani mtu huchukua maji mdomoni, akampulizia kifuani na kusema moyo wake umepoa. Ni jambo jema kwa laana ndogo. Lakini anayeondoa radi amekubali kwamba radi ilikuwa yake. Nyumba yangu iko Lubumbashi, mtaa unaoitwa komini ya Kenya, ukuta kwa ukuta na majirani. Nilimwona mzee mmoja wa mtaa wetu akichomewa nyumba mchana, kwa sababu ya radi iliyoua mbuzi wawili. Na mimi nina mke mle ndani, Madeleine, na watoto wanne.

Nikamwuliza Kunda kama ana akili. Mtu atume radi kwenye ndege aliyopanda mwenyewe?

"Mwenye kuituma, haimuue," akasema. "Njo maana ulikubali kupanda."

Msaidizi wa rubani, Emery, akaja kutoka mbele ameinama. Akasema ndege haina neno, radi hupita juu ya bati na kwenda zake, yeye ameshapigwa mara mbili. Lakini mvua imeufunga uwanja wa ndege wa Luano. Tunazunguka tukingoja nafasi, na ikipatikana lazima kila mtu awe amefunga mkanda. Mafuta ya kuzunguka si mengi.

Wakamvuta Kunda. Ni mtu wa kilo mia na kumi. Aling'ang'ania mguu wa kiti, akalia, akasema hatakaa mpaka apate maji. Nje hapakuwa na kitu, kijivu tu. Nilitafuta mahali pa kuangalia pasipo na uso wa mtu. Sikupata.

"Mumba, ufanye," Vital akasema polepole. "Nani atajua?"

"Bantu bote beko humu, patron," nikamjibu, nikimwonyesha watu wote waliokuwa mle.

Akainamisha kichwa.

Emery akatazama saa yake. Nikachukua chupa. Nikampulizia Kunda maji juu ya shati la arusi, nikasema: "Kama ni kinywa changu, kimepoa." Nilisema kama. Wote walisikia nilisema kama.

Kunda akarudi kitini, akafunga mkanda, akatulia. Dakika tano baadaye mawingu yakafunguka, kama yanavyofunguka mwezi wa kwanza. Hata mimi niliona jinsi ilivyoonekana kwao.

Chini, Emery alituonyesha alama kwenye ncha ya bawa, doa jeusi dogo kuliko kifuniko cha chupa. Ni mimi peke yangu niliyeliangalia.

Madereva sita walikuwa wamekuja kutupokea. Kunda alishawafikia. Nilimwona akionyesha juu, halafu kifua chake kilicholowa. Nilipofika, Kunda akageuka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akiinama, yeye ambaye hajawahi kumwinamia hata patron.

"Shamba ya Lukafu iko yako, Papa Mumba. Kuanzia leo."

Shamba hilo nimelitaka miaka miwili. Lakini nikilichukua, nimelipata kwa radi. Nikamwambia silitaki, alime yeye.

Akaniachia mkono. Jasho likamtoka usoni.

"Basi unataka nini ingine?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Madereva wote sita wakarudi nyuma hatua moja. Nikaufunga.