Mteremko kwenye Duka la Isidore

Kwa miaka mingi Marceline alinunua unga bila kuuona. Polio ilikuwa imeidhoofisha miguu yake, na duka la Isidore pale Likasi lilikuwa na ngazi. Alisimamisha baiskeli yake ya mikono barabarani, akapaza sauti, akapokea chochote alicholetewa.

Asubuhi moja alikuta mteremko wa saruji kando ya ngazi. Hakufurahi. Mwaka uliopita wakubwa wa chama tawala walimpa kipofu mmoja wa mtaa wa Kamatanda redio mbele ya wapiga picha, kisha picha zilipokwisha wakamnyang'anya. Marceline alitazama huku na huku akitafuta kamera. Mwanamume mwenye suti ya chama alipita. Marceline akainamisha uso mpaka mtu huyo alipopotea.

"Ingia, mama!" Isidore aliita kutoka mlangoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu."

"Basi unataka nini kwangu?"

Isidore alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki. "Mama, hii mteremko haikujengwa juu yako. Ni ya mapipa ya mafuta. Bantu wangu wa kazi walichoka kuyabeba."

Alisema hivyo kwa haya kidogo, na haya hiyo ndiyo iliyomfanya Marceline amwamini. Pipa halidai shukrani. Akasukuma magurudumu, akapanda polepole, akaingia.

Ndani alisimama ghafla mbele ya rafu ya samaki wa chumvi.

"Kumbe uko na makayabu?"

"Iko hapa siku zote, mama."

Marceline alichukua kipande kimoja, akakinusa vizuri kabla ya kuuliza bei.