Vichupa Viwili Barazani kwa Chaudri

Daktari wa mjini Jhang hakumzungusha Chaudri Inayat, mkuu wa ukoo: achague buruma au kaburi. Chaudri, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia achague, alinuna juma zima. Mwisho akaamuru buruma la ukoo, kiko kikubwa cha maji kilichovutwa na babu zao wote, limwagwe maji, lifunikwe kitambaa na kufungiwa stoo. Mahali pake pakachukuliwa na sigara ya umeme aliyoletewa na mwanawe kutoka Sharja, kidude kidogo chenye kichupa cha kujazwa majimaji yanayonukia embe. Basi wanaume wazito wa ukoo, wenye masharubu ya kutishia watoto, wakawa kila alasiri wanapokezana moshi wa embe, mkono kwa mkono, kuelekea kulia, huku wameuzungushia ngumi mdomo wa kidude vilevile walivyofunzwa kwenye buruma. Maendeleo hayo, jamani!

Allahyar aliyaona yote kwa mbali, maana yeye alikuwa amekatiwa buruma na maji. Hukumu hiyo haina polisi wala kufuli, ila waliowahi kuionja watakwambia afadhali jela. Hakuna wa ukoo anayevuta nawe, anayekunywa kwako, wala anayekanyaga mlango wako. Na kosa lake? Alikataa kwenda mahakamani kuapa kwamba binamu yake Nawazish alikuwa amelala kwake siku maji ya mfereji yalipoibwa, na hali alimwona waziwazi akibomoa ukingo kwa jembe. Eti mkweli! Ukoo ukamzawadia ukweli wake, akae nao peke yake.

Yangekuwa yake tu, angevumilia. Lakini binti yake Tasneem alikuwa anaolewa Ijumaa, na wazee wa upande wa bwana harusi walishatuma neno, kwa adabu zote za duniani: wasipopokelewa langoni na ndugu wa damu wa bibi harusi, watageuza magari. Msichana ambaye watu wake wenyewe wamemkimbia, watamchukua wao wa nini?

"Nenda kwa Chaudri, baba," Tasneem alimwambia. "Dhahabu sitaki. Nataka ami zangu wasimame pale langoni, basi."

Akaenda. Alipofika barazani, salamu yake iliitikiwa ndani ya meno. Akaketi chini, mkekani, maana vitanda vya kamba ni vya watu. Jirani yake wa kulia, kwenye ukingo wa kitanda cha mwisho, alikuwa Nawazish mwenyewe, ambaye aligeuza uso upesi kana kwamba kuna nzi.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfukuza. Baraza lilikuwa vitani. Haji Basharat, mpinzani wa Chaudri katika kila jambo kuanzia fahali hadi urefu wa minara, naye alikuwa ameletewa sigara ya umeme na mkwewe wa Lahore, na kichupa chake kilikuwa cha aina nyingine.

"Chako kinakojoa, Chaudri," Haji alisema. "Hebu itazame kanzu yako!"

"Kinavuja kidogo tu," Chaudri akafunika doa kwa kiganja. "Lakini koili yangu, huu waya wa kuchemshia, ikiungua naichomoa, natia mpya, kichupa kinabaki kilekile. Wewe koili yako imejengewa humohumo. Ikiungua unatupa vyote. Akili gani hiyo? Utachinja ng'ombe kwa sababu anaumwa kwato?"

"Changu hakimwagi hata tone. Unajaza ubavuni, unabana kizibo cha mpira, kwisha."

"Hakimwagi kwa sababu kimeganda! Umetia nini humo, mzee?"

Haji akajikohoza. "Sukari guru. Kidogo. Na maji ya tumbaku ya nyumbani. Embe ni la watoto."

Hapo kila mtu akapandisha sauti. Watu hawa walioshindwa mwaka baada ya mwaka kuamua shule ya wasichana ijengwe wapi, sasa walikuwa mabingwa wa koili, kila mmoja na rai yake. Na ajabu, waliokaa kitanda cha Chaudri wote waliona cha Chaudri ndicho bora, na wa kitanda cha Haji wakaona cha Haji. Usomi mtupu.

"Nyamazeni!" Chaudri akapiga paja. "Aseme mtu asiye na upande!"

Akaangaza huku na huku, hakumpata. Kisha macho yake yakatua mkekani.

"We Allahyar! Si ndiwe msema kweli wetu? Haya, vuta vyote viwili, useme."

Akamnyooshea chake, Haji naye chake. Allahyar alijua anachopewa, hata kama mpaji alikuwa hajui. Akapokea, akazungushia ngumi, akavuta. Cha Haji kikampiga kooni kwa moshi wa sukari iliyoungua, akakohoa hadi akainama. Cha Chaudri kikamwagia ulimi embe la moto.

"Chaudri!" Nawazish akaruka. "Umempa buruma!"

Chaudri akakitazama kidude mkononi mwa Allahyar, akayapinda masharubu.

"Buruma gani? Moto uko wapi hapa? Maji yako wapi? Hiki ni kiplastiki tu. Hukumu iko palepale."

Allahyar alikuja kuomba, si kubishana. Lakini mdomo wake ulikuwa na desturi yake mbaya.

"Sawa, Chaudri. Kama hiki si buruma, basi tangu mlifungie stoo hakuna hapa aliyevuta na mwenzake. Nyote mmekatiwa kama mimi. Karibuni, huku nilipo nafasi ni tele. Na kama ni buruma, nimepewa kwa mkono wako."

"Kakubana!" Haji Basharat akashangilia. "Wallahi kakubana!"

"Kwanza jibu ulichoulizwa," Chaudri akanguruma. "Kipi bora?"

"Cha Haji koili haina kosa, imelishwa sukari guru ikaungua. Chako kitamu, ila kinavujia mpaka kooni. Takataka vyote viwili." Akakishusha kidude magotini. "Chaudri, mimi nimewakosa nyinyi. Naogopa. Siwezi kusimama pale langoni peke yangu, binti yangu akiniangalia."

Hakuna aliyecheka. Chaudri akasema kwa ukali, "Sasa unakishika cha nini? Pitisha kulia."

Kulia alikuwa Nawazish. Kukikataa ni kujitoa mwenyewe barazani, na kila mtu alilijua hilo. Alikitazama sana kile kidude. Akakipokea. Hakuupangusa mdomo wa kidude, akavuta.

"Siku ile uliniona kweli?" akauliza polepole.

"Nilikuona."

"Ungenyamaza tu."

"Nilinyamaza, ndugu yangu. Nilichokataa ni kuapa."

Nawazish akapitisha kidude kwa aliyemfuatia. Akayaangalia mashamba.

"Ijumaa wanafika saa ngapi?"

"Baada ya sala."

"Basi langoni nitasimama mimi, mbele. Wewe kaa na mtoto."

Allahyar akalia palepale mkekani, mbele ya wanaume wote, wala hakujificha.