Amefika Wapi?

Kama kuna kitu ninachojua kufundisha hadi wanafunzi wasahau njaa, ni zama za Renaissance, ule mwamko wa Ulaya. Jumanne ile niliwaambia Kidato cha Pili hapa Malaba, mpakani, kwamba Wazungu hawakuvuka bahari kwa sababu ya meli nzuri tu. Jamii yao iliwasukuma. Vitabu vya kale vilisomwa upya, mitambo ya kuchapa ikasambaza ramani, wafalme na matajiri wakagharamia safari, na mtu akaanza kuamini kwamba anaweza kujitafutia jina kwa akili yake mwenyewe. Aliyerudi na habari za nchi ngeni alipokewa kwa shangwe.

Sharlyne wa dawati la mbele, na mdomo wake huo, akainua mkono. "Mwalimu, na mamake huyo mtu? Yeye alisema aje?"

Nikamjibu kwamba hilo halitatoka kwenye mtihani. Darasa likacheka, nami nikakasirika bure, kwa sababu Mourine wangu yuko barabarani.

Mourine ni binti yangu wa pekee. Anaendesha trela, na ni mimi niliyemtia huo wazimu kwa kumfunulia ramani mezani tangu hajui kusoma. Kampuni ilimhamishia Kigali, na huu ni mwaka wa pili sijamtia machoni. Malaba nzima inamjivunia. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya malori, hakuna anayeniuliza anarudi lini. Wanauliza, "Mwalimu Truphena, sasa amefika wapi?" Nami kichwa kinavimba, najibu: Bukavu. Bujumbura. Ninamkumbuka hadi namwandalia sahani mezani, lakini hilo sijawahi kumwambia mtu.

Alinipigia saa nane mchana nikisahihisha madaftari.

"Mum, boss anataka nihamie Lubumbashi. Miaka mitatu. Anangoja jibu leo. Unaonaje?"

Moyo ulinipasuka. Lakini mdomo wangu ni wa mwalimu. "Enda. Nafasi kama hii wengi wanaililia."

Nikasikia lori likipiga honi upande wake.

"Mourine? Kwani hutaki?"

"Nataka sana, mum. Ni vile hujawahi niambia nirudi. Hata siku moja. Nikifika mahali, unaniuliza tu baada ya hapo naenda wapi."

Madaftari yote yale mbele yangu, na mimi ndiye niliyefeli.

"Rudi," nikasema. "Rudi nyumbani, mwanangu. Nimekumiss mpaka naumwa."

Alilia kidogo, kisha akacheka kwa ile sauti yake nzito. "Asante, mum. Nilitaka tu kulisikia. Sasa naweza mwambia boss ndiyo, naenda."

Akakata simu. Mimi niliendelea kumwambia arudi.