Sentensi Chini ya Vanishi

Nilifeli Kiingereza, na bila Kiingereza nafasi ya msimamizi wa karakana ilikuwa inakwenda kwa Kobe.

Kobe ni fundi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa kejeli, maana ana haraka kuliko sisi wote: kabati lake linatoka mapema na mlango wake unaanza kulia mapema. Lakini alimaliza sekondari. Wenye karakana wapya walitaka msimamizi anayesoma oda za Kiingereza, wakaweka mtihani. Kusoma nilijikokota. Kilichoniangusha ni ukurasa wa mwisho, pale unapoandika chini ya kila neno kama ni nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi. Niliacha shule darasa la tano. Niliandika kitenzi kila mahali, nikijua baadhi nitapata.

"Kuna marudio," bosi akaniambia. "Ukianguka tena, fundi, usininunie."

Mwalimu wa Kiingereza nilikuwa naye nyumbani, ila ndiye mama mkwe. Alistaafu, akavunjika nyonga, tukamchukua. Wakati wa posa alisema mbele yangu kwamba hakumsomesha binti yake aje aolewe na mtu wa darasa la tano. Tangu hapo tulikuwa watu wa shikamoo, marahaba, basi.

Siku hiyo nilimwamkia, nikabaki mlangoni.

"Umesahau kitu?"

"Mama, naomba unifundishe aina za maneno."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo darasa la tano leo limeisha?"

"Limeisha, mama. Nataka kuingia la sita."

Alicheka mpaka akashika nyonga. "Kaa. Na uvue kofia, hapa ni darasani."

Akaniandikia: *The tired carpenter sleeps badly.* Nikasema *carpenter* ni kitenzi, maana fundi hakai bure.

"Nani analala hapo?"

"Fundi."

"Basi huyo katajwa tu, ni nomino. Kulala ndilo tendo. Usiliangalie neno peke yake kama mtu anayenunua mbuzi. Angalia linafanya kazi gani hapo lilipo."

Jioni nilielewa. Kesho yake asubuhi, yote yalikuwa yameyeyuka. Mimi kitu kinakaa kichwani nikikiandika kwenye mbao, kwa hiyo nikaanza kuandika sentensi zake kwa penseli, na chini ya kila neno aina yake, upande wa ndani wa milango ya kabati niliyokuwa natengeneza. Nikipiga randa, nasoma. Kwetu alama ya fundi haiguswi na mwingine. Aliyeandika ndiye anayeifuta kwa msasa kabla ya vanishi. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Kisha nikampeleka mama mkwe hospitali kwa ajili ya nyonga. Kurudi kazini, kabati limeshapakwa vanishi na kupelekwa. Mteja alilifungua mbele ya wageni akakuta mtihani.

Nikamfuata kijana wa vanishi. "Mzee, alama yako ningeigusaje?" akasema. "Nilidhani mteja kaagiza maandishi. Siku hizi watu wana mambo."

"Mlango umesoma kuliko fundi," Kobe akadakia. Karakana nzima ikacheka.

Bosi hakucheka. Akaniamuru nitengeneze milango mipya, kwa mbao zangu, siku zangu za mapumziko, na iwe tayari kabla ya marudio. Jumapili nilizozitenga kusoma zikaliwa hapo hapo. Mbao nilikuwa nazo, zile nilizomwekea mke wangu za meza ya chakula.

"Acha huo mtihani," mke wangu akasema. "Kwani Kobe akikuongoza utakufa?"

"Sitakufa. Nitarekebisha milango yake mpaka nizeeke."

Mama mkwe alikuwa anasikia. "Jumapili nipeleke huko karakana," akasema.

Alikuja na mkongojo wake, akakalia benchi, akaagiza ile milango iliyorudishwa na mteja isimamishwe mbele yake. Akaisoma yote, chaki mkononi.

"Huu umefaulu. Huu umefeli. *Badly* ni kivumishi tangu lini?"

Nikawa napiga randa, yeye anatupa maneno, mimi najibu bila kusimama. Nikikosea anagonga mkongojo sakafuni, narudia. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, nyonga ikimuuma, na hakutaka kurudi nyumbani.

"Tukimaliza ukurasa," akasema.

Milango ikaisha. Mtihani nikaufanya. Nilifaulu, si kwa kutisha, lakini nilifaulu, na Kobe akanipa mkono.

Gharama yake ni hii. Meza ya mke wangu, ambayo sasa ni milango ya mtu mwingine. Bado tunakula tumeshika sahani mapajani. Nyonga ya mama mkwe: alikuwa ameanza kufika getini, sasa anaishia barazani. Na randa yangu. Msimamizi hashiki randa, anashika karatasi. Nimemwachia Kobe, naye anaikimbiza kama kawaida yake.