Meza ya Mifuko

Watu hudhani udobi ni sabuni na maji. Sabuni kila mtu anayo kwake. Kinachomfanya mtu atuletee nguo zake ni kuamini kwamba tuna mikono safi na midomo mizito. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za watu ndiyo kazi yetu.

Kwa hiyo dukani kwetu, nyuma ya pazia, kuna meza ndogo tunayoiita meza ya mifuko. Nguo haiendi majini mpaka ipite hapo. Mifuko inapekuliwa, kilichomo kinatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko kinafungwa kwa pini yenye namba ya mteja, basi. Huulizi wala husimulii, hata kwa mpiga pasi, ambaye ni mimi, na mimi napenda umbea kuliko chakula. Anayekaa pale ndiye anayeaminiwa kuliko wote. Marehemu baba alikaa pale mpaka nguvu zikamwisha, akafuata dada yangu, na dada naye akahamia kaunta, akamweka pale binti yake angali na miaka kumi na minne.

"Unamweka Redio kwenye meza ya mifuko?" nilimuuliza dada. Jina hilo nilimpa mimi. Mtoto alikuwa anaamka akiongea na analala akiongea.

"Mpe mtu dhamana, atakua," dada alisema.

Hakukua. Siku moja alikuta meno ya bandia kwenye koti la mwalimu wake wa hesabu, meno ya mbele, yamefungwa vizuri kwenye leso. Mwalimu yule alikuwa mkali, darasa zima lilimwogopa. Kesho yake Redio aliwasimulia wenzake, na kwa kuwa yeye hafanyi jambo nusunusu, akachora ubaoni mdomo wenye pengo. Mwalimu alipoingia, wanafunzi wote walijifunika midomo kwa viganja. Alifuta ubao taratibu, akafundisha mpaka kengele ikalia, na muda wote ule kiganja chake mwenyewe kilikuwa mdomoni. Hakumshtaki mtu. Ila hakuleta tena nguo kwetu, na wapo wengine waliosikia na kufuata mfano wake.

Habari ilifika dukani kabla Redio hajafika. Dada hakumpiga. Bora angempiga, yangeisha siku hiyo hiyo. Alimwondoa mezani, akampeleka uani kwenye kamba za kuanikia, akarudi kupekua mifuko mwenyewe.

Redio alikwenda kumwomba mwalimu radhi, peke yake, bila kutumwa. Alirudi macho mekundu.

"Mjomba, ameniambia 'nimekusikia', halafu akaendelea kusahihisha madaftari. Hakusema amenisamehe."

"Sasa wewe ulidhani radhi ni shati?" nilimwambia. "Unalileta chafu asubuhi, jioni unalichukua limenyooshwa?"

Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa bado na hasira naye. Lakini maneno yale yalimwingia. Shuleni akahamia dawati la mbele, kwenye somo la mwalimu yule yule, akawa anamtazama usoni na kujibu akiulizwa. Nyumbani akawa anakula, anaosha vyombo, anasoma. Mimi niliyekuwa nikilalamikia kelele zake kila siku, nikaanza kuona nyumba ni kubwa mno.

Mwaka uliofuata mambo yakaanza kwenda kombo dukani. Kalamu ilisahaulika kwenye mfuko wa shati jeupe, wino ukatambaa mpaka kwenye mashati ya watu wengine. Baada ya muda, rangi ya mdomo ikayeyukia kwenye gauni la harusi. Bibi harusi alilia hapo hapo kaunta, mama yake akatutolea maneno ambayo sitayaandika. Sisi wawili, dada na mimi, tukageuka kumtazama Redio.

"Umeanza tena?" nilimuuliza.

"Mimi sigusi mifuko, Mjomba."

Ilikuwa kweli, lakini mtu akishapakwa tope haulizwi kama leo ameoga. Dada alirudi nyuma ya pazia, na sikujiuliza kwa nini.

Nguo zetu wenyewe tunazifua Jumapili, nazo pia lazima zipite mezani. Jumapili moja dada alikuwa ametoka. Mimi nilikuwa kwenye pasi, na kwa upenyo wa pazia nikamwona Redio ameshika aproni ya mama yake, mkono umeingia mfukoni. Alitoa kitu, akakitazama, akakaa chini.

Leo najua alichokuta: kichupa cha dawa ya macho ya kujinunulia dukani, na kioo cha duara cha kukuzia maandishi, mpini wake umeshikizwa kwa uzi. Siku ile sikujua.

"Umekuta nini?"

"Cha mtu."

"Mtu gani? Hiyo ni aproni ya mama yako, na mama yako ni dada yangu, tumbo moja!"

"Ni cha mtu, Mjomba."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba dada akirudi nitamweleza kuwa binti yake amepekua mifuko yake bila ruhusa, na hapo asahau kabisa kukaa kwenye meza ile maisha yake yote. Nilijua hakuna alichokitaka kuliko hicho, ndiyo maana nilikitumia. Machozi yakamtiririka. Akatia vile vitu kwenye kifuko, akafunga pini.

Dada aliporudi nilitimiza ahadi yangu, tena kabla hajavua viatu. Uso ulimbadilika. Redio akatoka nyuma ya pazia, akampa kifuko kwa mikono miwili, kama tunavyompa mteja.

"Mama, hivi vilikuwa kwenye aproni. Sijamwambia mtu. Lakini nitakuwa nakuuliza kila siku kama umekwenda kwa daktari. Nitakuuliza wewe tu."

Dada akakibana kile kifuko kifuani. "Umejua leo?"

"Tangu ile kalamu. Nilikuwa naanika, nikakuona unapapasa shati kwa vidole, hulitazami."

"Na tulipokulaumu kwa lile gauni?"

"Ningemwambia nani, Mama? Mwenye siri ni wewe."

Dada aliketi juu ya rundo la mashuka akalia kwa sauti, mtu ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba. Mimi nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, na suruali ya mtu ikaungua mpaka ikatoboka. Nilimwonea binti yule fahari, na nilijionea haya vilevile.

Dada alinieleza mwenyewe, jioni ile ile, kwamba macho yake yanafifia. Wiki iliyofuata alikwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa uoni uliopotea hautarudi, uliobaki unaweza kulindwa akifuata dawa. Alipaswa kwenda mapema, daktari alisema, na dada akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameogopa kwamba wateja wakijua, wataondoka na nguo zao.

Wateja hawajajua mpaka leo. Dada bado anakaa kaunta kila siku. Redio akitoka shule anavua sare, ananawa mikono, anavuta kiti hadi pembeni ya mama yake, kwenye meza ya mifuko aliyorudishiwa, na pazia tumelisogeza wawe karibu. Mteja akitoa namba yake, dada anaishika, anaigeuza kidogo, na kumwinamia mwanawe. Redio anamsomea sikioni, kwa sauti ya chini kabisa.