Mzee Kobe na Mlima wa Chuo

Kila asubuhi pikipiki ya Mzee Kobe ilifika kwenye kona ya tenki la maji, katikati ya mlima wa chuo, ikakohoa mara mbili, kisha ikapunguza mwendo mpaka waenda kwa miguu wakaipita. Walimsalimia huku wanampita, tena kwa adabu zote, na adabu hiyo ilimuuma kuliko kama wangemcheka. Nyuma alikuwa amefunga kreti nne za mikate. Hakuna hata mmoja uliowahi kuanguka njiani. Ilichelewa tu.

Mpishi mkuu wa chuo cha wauguzi, mama asiyependa maelezo marefu, alikuwa ameshachoka. Wanafunzi wake waliingia darasani saa moja kamili, na mwezi ule walikuwa wamekunywa chai kavu mara tatu. Akamwambia mzee waziwazi kwamba Jumatatu ijayo mikate ifike saa kumi na mbili na nusu. Ikichelewa tena, kazi angepewa yule mwenye bajaji aliyekuwa akimzungukia jikoni kwa tabasamu siku hizi. Kuwahi kuamka hakukusaidia kitu, maana mikate yenyewe ilitoka tanurini saa kumi na mbili. Na mwenye tanuri naye akaongeza la kwake, kwamba akimpoteza mteja wa chuo hatakuwa na haja ya mpeleka mikate.

Aliyelichukua jambo hilo moyoni ni binti yake Mzee Kobe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata wazazi wake walikuwa wameshasahau kumwita jina jingine. Alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya nyumba yao, na mikono ambayo sabuni ilikuwa imeshaikatia tamaa. Fundi alimpenda baba yake, na alimwogopa akiwa hana kazi. Mwaka mmoja mzee alishikwa na mafua akakaa nyumbani wiki nzima, na katika wiki hiyo alipanga upya vyombo vyote vya jikoni kwa urefu. Mama yake Fundi hakuipata chumvi kwa siku mbili.

Kununua pikipiki nyingine lilikuwa wazo la kuwaza ukiwa umelala. Hii iliyokuwepo ilimzidi Fundi umri, na Fundi alikuwa na miaka ishirini na minne. Basi akaamua kuiongezea injini nguvu kwa alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi.

Alianzia kwa muuza vyuma chakavu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapekua pistoni moja baada ya nyingine, mpaka akapata moja pana iliyotoka kwenye pikipiki kubwa iliyogongwa, pistoni yenyewe haina hata mkwaruzo. Silinda ya mzee akaipeleka kwa mkerezaji ili itanuliwe iipokee pistoni hiyo, na kwa malipo akamtengenezea mkerezaji klachi yake iliyokuwa ikiteleza tangu mwaka jana. Gasketi ya kichwa cha injini aliikata mwenyewe kwenye bati la shaba. Njia ya moshi aliisugua kwa msasa aliouviringisha kwenye kalamu, jioni mbili mfululizo, mpaka ukipitisha kidole hukuti kikwazo. Ringi za pistoni peke yake ndizo alizonunua mpya, akizitolea pesa roho ikimuuma.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, ikitazama dirisha la barabarani, na kutoka hapo alijua habari za mtaa mzima bila kuinuka. Wiki ile aliinuka mara nyingi kuliko kawaida. Alikuwa akija gereji na kikombe cha chai, anasimama mlangoni, anaangalia vyuma vilivyotandazwa kwenye gunia, halafu anauliza swali moja.

"Na breki je?"

Fundi alimjibu kwamba breki ni nzima. Kesho yake mama akauliza tena. Siku ya tatu Fundi akabadilisha viatu vya breki ili tu apate amani, na mama akauliza kama hivyo vipya ni imara kama vile vya zamani.

Kitu kimoja Fundi hakukigusa, nacho ni kabureta. Nyumbani kwao kabureta ilikuwa ya mama. Kila Jumamosi, tangu Fundi ana akili zake, mama alitandaza kitambaa safi, akaifungua kabureta kwa vidole vyake vyembamba vya ushonaji, akaisugua kwa mswaki na petroli, akaifunga. Alikuwa amefundishwa na fundi mmoja wa zamani, na hakuruhusu mtu mwingine kuisogelea. Mzee aliambiwa mkono wake ni mzito. Fundi naye, na gereji yake na wateja wake na yote, aliambiwa akatafute kabureta za watu huko. Nyumba zina sheria zake, na hii ilikuwa sheria ya nyumba ile. Kwa hiyo injini iliposhushwa, kabureta ilibaki ikining'inia kwenye waya wake wa mafuta, imefunikwa kitambaa.

Jumamosi asubuhi injini ikawaka kwa mpigo wa kwanza. Sauti ilikuwa imenenepa, na Fundi akacheka peke yake kwa furaha. Walifunga kreti nne zilizojazwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa mikate, mzee akavaa kofia yake ngumu, wakaenda mpaka chini ya mlima, Fundi akabaki pale kusikiliza.

Pikipiki ilipanda vizuri mwanzoni. Kwenye kona ya tenki ikakohoa mara mbili, ikapunguza mwendo, na mwanamke mmoja mwenye mwavuli akaipita huku akisalimia.

Mzee alirudi akamshika binti yake bega, akamwambia kuwa imekuwa laini kweli, hiyo pistoni ni nzuri sana. Alisema kwa upole mno, na Fundi alitamani kulia. Wiki nzima ya kazi ilikuwa imeongeza kelele tu. Zilibaki siku mbili.

Alirudi gereji akakaa sakafuni, akafikiri. Mafuta yanaingia, cheche ipo, mgandamizo ni mkubwa kuliko zamani. Injini ilikuwa inataka kupumua na kitu kinaibana. Kilichobaki ni kimoja. Mama alikuwa ametoka kumpima bibi harusi mtaa wa pili, na kitambaa cha Jumamosi kilikuwa bado kimekunjwa. Fundi alinawa mikono, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia injini yoyote, akafungua kifuniko cha juu cha kabureta.

Waya wa mafuta, ule unaovutwa na mkono wa usukani, ulitoka na kijipistoni chake na springi yake, kama inavyotakiwa. Lakini juu, karibu na kifuniko, waya ulipita katikati ya kitu kisichotakiwa kuwepo. Kilikuwa bobini ya cherehani, kile kigurudumu cha chuma kinachozungushiwa uzi wa chini. Ilikaa pale safi, inang'aa, imesuguliwa kwa mswaki kila Jumamosi. Hata uvute mkono wa mafuta namna gani, kijipistoni kilipanda nusu ya safari yake, kikagonga bobini, kikaishia hapo, na injini ikapata nusu ya pumzi.

Fundi aliigeuza mkononi. Ubavuni ilikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, alama ambayo mama aliziwekea bobini zake zote ili wateja wasiziibe. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Akaenda akaiweka juu ya meza ya cherehani, akakaa kumsubiri mwenyewe.

Mama alipoingia aliiona kabla hajavua viatu. Hakukana. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kusimulia huku akikunja na kukunjua futi yake ya kupimia. Alisema kwamba kabla Fundi hajazaliwa baba yake hakuitwa Kobe. Aliitwa Radi, na alilipenda jina hilo. Usiku mmoja, yeye akiwa nyuma na mimba ya miezi minane, Radi alikosa kona wakaingia mtaroni, na Fundi akazaliwa kabla ya asubuhi, mdogo kiasi cha kulala kwenye kisanduku cha vitambaa. Baada ya hapo, kila mzee alipotoka, mama alisimama dirishani na mtoto kifuani mpaka arudi. Hakushona, hakula, hakulala. Ndipo akamwomba yule fundi wa zamani amfundishe kusafisha kabureta.

"Nilikuona unahangaika na vyuma vyako wiki nzima," alisema, "na kila siku nilikuja nikuambie. Nikifika mlangoni natoka na swali la breki."

"Mama, baba anapoteza kazi."

"Najua. Nilikuwa napima lipi litaniua haraka."

Hawakumsikia mzee akiingia. Alisimama na kofia yake mkononi, akaitazama bobini mezani, wala hakuuliza ni nini. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mmeitoa," alisema.

Mama akaacha kukunja futi. Akamuuliza amejuaje. Mzee akajikuna kidevu, akaanza kuangalia dari, na Fundi akajua kwamba baba yake alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Hakuupata.

"Niliifungua mwaka ule ule, waya ulipokwama njiani. Nikaiona na ile rangi yako. Nikaisafisha, nikairudisha."

"Miaka ishirini na minne, Baba Fundi. Umekaa unaitwa Kobe."

"Ulikuwa umeanza kulala," mzee alisema. "Ningeitoa ili iweje?"

Mama alifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Fundi hakujua kama analia au anacheka, na alipotazama vizuri akaona ni yote mawili. Hasira yake yote ya mchana huo aliitafuta asiione.

Mama alipojifuta alisimama, akatoa amri. Mifuko ya mchanga ishushwe. Atapanda yeye. Uzito wake na wa kreti nne, alisema, haupishani sana, na mtu asithubutu kucheka. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa nyuma kwa mara ya kwanza tangu mtaro ule, akamshika mumewe kwa mikono miwili.

Fundi alisikiliza kutoka chini ya mlima. Injini ilinguruma sauti ambayo hajawahi kuisikia, ikaifikia kona ya tenki, ikaipita bila hata kikohozi kimoja. Kisha, mara tu baada ya kona, akasikia mkono wa mafuta unarudishwa taratibu mpaka nusu, bila kitu chochote kuuzuia.

Waliposhuka, mama alikuwa na vumbi usoni. Alisema breki ni nzuri.

Jumatatu saa kumi na mbili mzee alitoka kwenye tanuri na mikate ya moto. Fundi alipoingia sebuleni alimkuta mama dirishani, amesimama wima, gauni la bibi harusi limelala kwenye cherehani halijaguswa. Bobini ilikuwa kwenye ngumi yake. Fundi alisimama karibu naye. Dakika kumi zikapita, zikafika kumi na tano.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mzee, na nyuma yake vilisikika vyombo vya jikoni na mpishi mkuu akielekeza kreti ziwekwe wapi.

"Nimefika," alisema, akakata.

Mama aliketi. Akaizungushia bobini uzi mweupe, akaiweka mahali pake chini ya sindano, akaanza kushona. Tangu siku hiyo mzee hupiga simu kila asubuhi kusema neno hilo moja, na cherehani haianzi kulia mpaka alitamke.